Kamba ya Gurudumu

Mama hakupata kuona mlima maishani mwake, na siku alipouona aliuchukia papo hapo. Kwetu, uzazi wa kwanza mwana huja kuzalia kwa mamake, lakini dada yangu, aliyeolewa huko Usambara, upande wa Mdachi, alichelewa kushuka. Basi mama akafunga safari kutoka Mombasa kumfuata, na mimi nikamsindikiza. Tuliposhuka treni nikakodi gari la nyumbu na mwendeshaji wake, Msambaa mmoja mpole.

Mimi, niseme kweli, nilistarehe. Migomba imejaa mabondeni, maji yanaporomoka miambani, na baridi tamu. Mama kajifunika buibui gubigubi, anasoma Yasini, hatazami huku wala kule.

"Mwanangu kaja kuozwa mawinguni! Na wewe unachekelea!"

Juu kabisa, mahali barabara inapoanza kushuka, tulimkuta mtumishi wa shemeji yangu akitungoja. Dada alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana, na mtoto hatoki. Alitupa habari hiyo, akarudi mbio.

Mama alipiga ukelele mmoja, kisha akaanza kazi. Uzazi ukiwa mzito, kwetu hufunguliwa kila kilichofungwa: makomeo, masanduku, vifundo, nywele. Akafungua sanduku, akafungua mabunda, akafumua nywele zake.

"Fungua kilemba! Na vifungo vya kanzu!"

"Mama, nyumba yenyewe iko kule bondeni!"

"Fungua, usinibishie!"

Nikafungua. Nilikuwa nimekasirika, lakini sikuacha hata kifungo kimoja, kwa kuwa dada ninaye mmoja tu.

Mwendeshaji alikuwa amelifunga gurudumu la nyuma kwa kamba, lisizunguke, ili gari lishuke polepole. Kisha akaenda mbele kuwatengenezea nyumbu hatamu. Mama akashuka, eti ananyoosha miguu. Aliporudi tukaondoka.

Wallahi, sijapata kwenda vile! Gari liliwasukuma nyumbu, nyumbu wakatoka mbio, sufuria na mahamri vikaruka korongoni. "Kamba! Nani kafungua kamba?" mwendeshaji alipiga kelele huku akivuta hatamu kwa nguvu zake zote. Mimi nilitoa shahada. Mwishowe akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo laini, likajilaza ubavu, na sisi tukamwagika matopeni.

Tulijipapasa. Hakuna aliyevunjika, wala nyumbu.

Ndipo vigelegele vikasikika kutoka bondeni. Mama akaniminya mkono hadi ukauma. Yule mtumishi akatokea kwenye kona, akapaza sauti, "Kajifungua! Wote wawili wazima!"

Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Alhamdulillahi, nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi. Mwendeshaji alisimama na kamba yake mkononi, uso umempauka.

"Bibi, ulikuwa utuue."

"Najua, baba. Nisamehe," mama akasema, machozi na matope usoni, huku akikusanya nywele zake na kuzisokota. "Sasa funga."