Neno la Huzuni Siku ya Mayai Mekundu

Siokhun aliuza tofu, na mdomo wake haukuwa na breki. Miaka arobaini na tano sokoni, kijijini nje ya mji wa Quanzhou, China, hakuna mteja aliyepita bila kutaniwa. Ndiye huyo ambaye daktari alimwambia kuwa Jumatatu atapasuliwa koo, na sauti huenda isirudi.

"Isiporudi, wateja watapumzika," akasema, akacheka.

Kitu kimoja tu hakukichekea. Marehemu baba yake, mwalimu wa kijiji, alisoma mashairi kwa kuyaimba, kwa matamshi ya kale, si ya mazungumzo wala ya shule za leo. Wavulana walifundishwa ndani. Siokhun, kwa kuwa msichana, aliyadaka dirishani huku akisaga soya. Ndiyo maana Giok, binti wa chuo kikuu, alikuwa akija na kinasa sauti. Walikwisha kunasa maneno mia mbili. Lilibaki moja: huzuni, lile ambalo kwa Kichina huandikwa kwa alama ya majira ya kupukutika majani juu, na ya moyo chini. Shule za leo hulitamka mbali kabisa na jina la hayo majira. Kwa matamshi ya kale, maneno hayo mawili hukaribia kuwa sauti moja.

Sasa balaa: Giok alifika Jumapili, siku mjukuu wa Siokhun anatimiza mwezi. Nyumba nzima mayai mekundu ya sherehe, tambi na wali wa kunata. Mjukuu aliyesubiriwa miaka kumi na moja! Na siku kama hiyo neno la mkosi halitamkwi.

"Thubutu!" alifoka Kimchio, dada wa marehemu mumewe. "Ulitamke hilo mbele ya mtoto, nitakushona mdomo kwa hizi tambi."

"Wifi, kesho huenda sina sauti."

"Basi tumia ya leo kumsifu mtoto. Kula yai!"

Ee, jamani, nani angemweza yule mama? Siokhun akamkonyeza Giok. Wakatoka kana kwamba wanafuata maji, wakavuka kichochoro, wakajibanza kwenye banda la tofu. Giok akawasha kinasa sauti.

Siokhun akafumba macho, na hapo akaogopa kwelikweli. Je, kama miaka yote hii alijitungia tu, na baba hakuwahi kutamka hivyo? Nani amebaki wa kumsahihisha? Akavuta pumzi, akaliimba lile neno taratibu.

Mlango ukasukumwa kwa nguvu. Kimchio huyo, miaka themanini na mbili, karatasi ya msalani mkononi! Akamkamata wifi yake kidevu, akampangusa mdomo kama wanavyopanguswa watoto waliotamka mkosi.

"Mtu mzima huna haya!" Kisha mkono ukasita. "Halafu umelikata mapema. Mwalimu alilivuta zaidi mwishoni."

Siokhun akaudaka mkono ule. "Umejuaje?"

"Unadhani darasa lile lilikuwa na dirisha moja? Upande wa zizi la nguruwe nilikuwa mimi."

"Na miaka yote hii hukusema!"

"Uliniuliza? Haya, rudia. Livute."

Wakaliimba pamoja, mara tatu, wazee wawili na karatasi yao ya msalani. Kimchio akampangusa wifi yake, kisha akajipangusa mwenyewe, kwa hasira. Siokhun alikuwa akicheka huku machozi ya furaha yanamtiririka.

"Kesho na wakate tu," akamwambia Giok. "Hata nikiwa bubu, huyu mkorofi atanisemea."