Nilimsingizia muuza petroli, kumbe oil chafu niliitia mwenyewe kwenye blower ya salfa

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya, nacheka na nyuzi zenu kisha naondoka. Leo na mimi nimeamua kufungua moyo. Hii si chai. Sehemu kubwa najiaibisha mwenyewe, sasa nidanganye ili iweje?

Nipo Mkotokuyana, Nachingwea. Nalima korosho na ufuta kama wengi wa huku, ila nina ugonjwa mmoja: ujuaji. Redio ikiharibika nafungua. Pikipiki ikikohoa nafungua. Nyingine zinapona, nyingine tunasema kazi ya Mungu haina makosa.

Kwa wasiojua korosho: maua yakianza kutoka linakuja gonjwa linaitwa ubwiriunga, kama vumbi jeupe hivi. Ua likishikwa linakauka, na hapo korosho hakuna. Dawa yake ni unga wa salfa. Unapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande ili unga ushike, na kabla upepo haujaamka.

Mashine ya kupulizia unaibeba mgongoni, tunaiita blower. Inakunywa petroli iliyochanganywa na oil yake maalumu, ile ya injini ndogo, 2T.

Sasa sisi blower tunayo moja, nyumba tano. Tuliichangia wote na inakwenda kwa zamu. Ikifa, msimu umekufa kwa nyumba tano. Nyumba mojawapo ni ya mama yangu, mjane, na ile mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba ndiyo kila kitu chake.

Zamu yetu ikafika, siku tatu. Alfajiri ya kwanza naangalia chupa ya 2T, imeisha.

Kwenda Nachingwea mjini na kurudi, jua litakuwa limeshapanda na umande umekauka. Nikaliona dumu la oil chafu niliyoimwaga kutoka kwenye injini ya pikipiki. Nikachukua kipande cha khanga kuukuu, nikaichuja mara mbili. Nikajiambia mafuta ni mafuta.

Mama alikuwa pembeni anapepeta salfa isiwe na mabonge. Akaniuliza, "Ndiyo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo yenyewe mama."

Mashine ikawaka, moshi mwingi lakini ikawaka. Nikajipongeza. Siku ya pili ikaanza kuchoka. Siku ya tatu ikapiga makelele kidogo, ikazima, na kamba nikavuta mpaka bega likauma.

Wenzangu wakaja. Mzee Chitanda ndiye kiongozi wetu, mtu wa maneno machache. Akauliza petroli nilinunua wapi.

Wakuu, hapo ndipo nilipochafua. Ningeweza kusema ukweli. Nikasema, "Kwa Hamza. Nadhani kachanganya na mafuta ya taa."

Hamza ni jamaa anauza petroli kwenye chupa pale njia panda. Hajawahi kunikosea hata siku moja. Sikutumwa na mtu, mdomo ulitangulia. Kufika jioni habari imeenea, na bodaboda hata mmoja hasimami tena kwa Hamza.

Mimi nikasema nitaitafutia mashine fundi. Kwa mafundi wa Nachingwea sikutaka kwenda, kwa sababu wangeifungua tu wakajua, na habari ingenitangulia kufika nyumbani. Bodaboda mmoja akaniambia upande wa Ruangwa, kule Likunja, kuna mama anatengeneza hizi mashine, zamani alikuwa maabara kwenye kiwanda cha kuchanganya vilainishi Dar.

Nikaifunga blower nyuma ya pikipiki. Nikabeba na chupa ya petroli ya Hamza iliyobaki, eti ushahidi. Mnaona akili yangu ilivyokuwa inafanya kazi?

Nikamkuta Bi Somoe anaanika ufuta. Mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Nikasalimia, nikamwaga hadithi yangu yote ya Hamza. Akasikiliza hadi mwisho, akaenda kuleta karatasi nyeupe ya daftari.

Akadondosha tone moja kutoka kwenye chupa ya Hamza. Pembeni yake akadondosha tone kutoka kwenye tangi la mashine.

"Tusubiri," akasema, akarudi kwenye ufuta wake.

La Hamza likakauka lote, karatasi ikabaki nyeupe kama haijaguswa. La tangi likaacha doa: katikati nyeusi tii, pembeni duara la mafuta.

"Petroli safi inaruka yote. Ingekuwa na mafuta ya taa, pangebaki alama hapa. Sasa hili jeusi, mwanangu, limetoka kwa Hamza yupi?"

Nikageuka kuifungua mashine kwenye pikipiki. Naye hakurudia swali. Hilo nitamshukuru mpaka kaburini, maana angetaka kunidhalilisha nafasi alikuwa nayo.

Akaanza kufungua mashine, na huku anafungua ananifundisha. Nami mjuaji, kwa mara ya kwanza nikanyamaza.

Akasema mafuta ghafi yanapashwa moto sana yakawa mvuke, mvuke unaingia kwenye mnara mrefu. Kilicho chepesi kinapanda juu zaidi, kizito kinabaki chini. Petroli inakusanywa juu, mafuta ya taa chini yake, halafu dizeli. Yanayobaki yanapikwa upya kwa namna nyingine, ndipo wanapata mafuta mazito ya kutengenezea oil. Masalia ya mwisho kabisa ndiyo lami.

"Si kama wanavyopika gongo ya mabibo? Mvuke unatangulia, mashapo yanabaki. Hujawahi kuona?"

Nikasema sijawahi.

"Muongo," akasema, wala hakuinua macho. Wakuu, nilicheka, ila lilinichoma.

Akaendelea. Yale mafuta ya msingi hayauzwi hivyo hivyo. Kiwandani yanapashwa moto taratibu, yanachanganywa na dawa kulingana na kazi. Grisi nayo wanapika mafuta pamoja na sabuni maalumu mpaka yashikane, ndiyo maana haichuruziki.

"Oil ya pikipiki imetengenezwa ikae. Inaosha injini na kubeba uchafu wote, masizi na vumbi la chuma. 2T imetengenezwa iungue na petroli na iondoke. Wewe umechukua ya kukaa, tena imeshabeba uchafu, ukailazimisha iungue. Khanga inachuja majani, haichuji masizi."

Akanionesha eksozi: imeziba, masizi yameganda kama ukoko wa ugali. Ringi za pistoni zimenasa. Akasema ningevuta siku moja zaidi, silinda ingekwaruzika na ile mashine ningeizika.

Tukaloweka kwenye mafuta ya taa. Akakwangua masizi kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kingechuna pistoni. Ringi zikaachia, hazikuwa zimevunjika. Akaweka plagi mpya na 2T halisi, akavuta kamba mara tatu, ikawaka. Mimi machozi hayo. Niliwaza mama na yale maua.

Akacheka. "Na hiyo salfa yenu unajua inatoka wapi?"

Nikasema ardhini.

Akasema ya kuchimba ipo, lakini nyingi siku hizi inatoka kwenye mafuta hayo hayo na gesi. Inaondolewa humo ili dizeli na petroli zisichafue hewa, inagandishwa, inasagwa. Yaani mgongoni nilikuwa nimebeba ndugu watatu wa tumbo moja, petroli, oil na salfa, na sikumjua hata mmoja.

Wakati naondoka alikataa malipo, alichukua ya plagi tu. Akaikunja ile karatasi, akanipa.

"Hii kawaoneshe wenzio."

Njia nzima ya kurudi ilikuwa mfukoni inanielemea kuliko mashine.

Asubuhi tukakutana kwa Mzee Chitanda, nyumba zote tano. Wakafurahi kuona mashine imepona. Ningeweza kuishia hapo, wakuu, na hakuna ambaye angejua. Nikamwangalia mama, nikatoa karatasi. Nikasema yote, hadi la khanga.

Mzee Chitanda akaitazama karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo Hamza?"

"Nimemsingizia."

Wakaamua ile siku yetu iliyokatika tuimalizie mwisho, baada ya nyumba zote. Nikaanza kumtetea mama, kwamba yeye hana kosa. Mwenyewe akanikata: "Acha, mwanangu. Wacha wapulize. Maua yao nayo ni maua."

Kisha tukaongozana hadi njia panda. Hamza alikuwa amekaa na chupa zake zote zimejaa, hajauza. Nikakiri mbele ya watu kwamba nilimsingizia, nikaomba msamaha. Alikasirika, na haki yake. Aliniambia siku hizo watoto wake wamekunywa uji mchana na usiku kwa sababu ya mdomo wangu. Nikaomba tena msamaha.

Halafu akainuka, akachukua chupa mbili, akaniambia, "Leta hiyo mashine. Mmeshapoteza siku." Akajaza, akakataa kulipwa. Yule yule niliyemsingizia.

Maua ya upande wa chini wa shamba la mama yalikauka tukisubiri zamu. Ya juu yakashika. Mama alivuna pungufu, lakini alivuna, na kikapu cha kwanza alisema kiende Likunja kwa Bi Somoe. Nilikipeleka mwenyewe.

Sasa hivi petroli nanunua kwa Hamza tu. Kikundi kimenipa kazi ya kuchanganya oil ya wote, na mama huwa anasimama pembeni na kuuliza vile vile: "Ndiyo yenyewe hiyo?" Siku hizi namkabidhi chupa ya 2T aisome mwenyewe.

Nilichojifunza: mafuta si mafuta tu, kila aina imepikwa kwa kazi yake. Na usichokijua, uliza kabla hujamtafutia mtu lawama.

Wenye blower, semeni mnachanganya nini humo. Na wewe uliyewahi kumsingizia mtu na bado hujaenda kumwambia, usiniandikie mimi hapa. Anza na yeye.