Yvette na Taa Nyekundu Isiyotaka Kuzima

Saa moja asubuhi imepita kidogo, na matope ya mvua ya jana bado hayajakauka mbele ya zahanati ya Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Yvette ameinamia injini ya gari jeupe la siti saba, kichwa kimezama chini ya boneti, kinachoonekana ni kitenge na ndala tu. Injini inanguruma. Kwenye dashibodi, taa nyekundu yenye picha ya betri inawaka hafifu, inafifia, inawaka tena.

Siti ya nyuma amelala kiubavu Nyiransengimana, mjamzito ambaye uchungu umemwanza alfajiri. Mtoto amekaa vibaya, amejikingamisha tumboni, na uzazi uliopita mama huyu alijifungua kwa kupasuliwa. Muuguzi ameshasema apelekwe hospitali ya Mbarara bila kuchelewa. Ambulansi imeondoka mapema na mgonjwa mwingine, na magari ya kukodi yamekwenda Endiinzi kwenye mnada wa ng'ombe. Limebaki hili moja, nalo ndilo lenye taa.

"Mama Gradi, tutafika ao hatutafika?" anauliza Cyiza, mume wa mgonjwa, akimwita Yvette kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Yvette anafuta mikono kwenye kitenge. Ana miaka 34, ni fundi umeme wa magari, na hakuna swali analoliogopa kama hilo. Akisema twendeni kisha gari likazimika kwenye milima ya Isingiro, mama huyu atakuwa mikononi mwake, kando ya barabara, bila daktari. Akisema tusubiri gari jingine, uchungu wenyewe hausubiri mtu.

Dereva, Bienvenu, ameshajipa jibu. "Ni alteneta imekufa," anasema. "Ondoa kichwa cha betri, injini ikiwa inazunguka. Ikizima, tunajua. Kule Uvira tulikuwa tunafanya vile."

Anaunyoosha mkono kuelekea betri. Yvette anaupiga kofi mkono huo kama wa mtoto anayedokoa sufuriani.

"Ile ilikuwa magari ya zamani," anamwambia. "Hii iko na kompyuta. Unataka kuichoma, tubaki hapa na mama?"

Alteneta ndiyo inayotengeneza umeme wa gari na kuijaza betri injini inapozunguka. Ikifa, gari linaishi kwa akiba ya betri tu, na akiba hiyo ikiisha barabarani, safari imeisha. Yvette alijifunza hayo huko Baraka, Kivu Kusini, nchini Kongo, kwa baba yake, Nehemiya, aliyekuwa akitengeneza malori ya wachuuzi wa samaki. Vita vilipowafukuza, baba alikuja na mita yake ya kupimia umeme ndani ya begi la nguo. Nguo zilipotea njiani, mita ikafika.

Sasa Yvette anafanyia kazi chini ya kibanda cha mabati karibu na soko la Base Camp. Mwanzoni wateja walimpita wakidhani anauza chai, na wapo waliomwagiza kabisa. Wiki ikiwa nzuri hupata magari manne au matano. Ikiwa mbaya, anakwenda shamba la mahindi kumsaidia mumewe, Baudouin.

"Mtu akikuletea gari, hakuletei vyuma," anamwambia mwandishi. "Anakuletea watu wale watapanda. Minaogopa kila siku, sitakudanganya."

Asubuhi hii anaweka ncha za mita kwenye betri: volti kumi na mbili na kidogo, kama vile injini imezimwa. Hapo fundi mwenye haraka angeshatoa hukumu. Yvette anaukagua mkanda, umekaza vizuri. Kisha anapitisha mkono pembeni ya injini yenye moto na kupima kwenye alteneta yenyewe. Mita inapanda hadi kumi na nne.

"Haijakufa," anasema polepole. "Inatoa umeme. Lakini umeme haufiki ku betri. Unapotelea njiani."

Anamgeukia dereva. "Bienve, betri hii imetoka ndani ya gari siku hizi?"

"Hapana. Hakuna mutu aliigusa," anajibu Bienvenu haraka, macho yakiwa kwenye matope.

Basi Yvette anamwamini na kuanza kufuata waya, akiutikisa na kuupapasa sehemu moja hadi nyingine. Hakuna kitu. Ndani ya gari Nyiransengimana anaguna, anang'ang'ania siti, kisha anapumua. Cyiza anazunguka gari, anarudi, anazunguka tena. Jasho linamtoka Yvette na jua lenyewe halijapanda.

Uchungu unapotulia, ni mgonjwa anayeanza kuzungumza, labda kwa kujisahaulisha.

"Mama Gradi, jana ni wewe uliimba peke yako kanisani? Sauti ilifika mpaka kwetu. Na ile mvua yote! Nilisema, hawa watu wa Mungu wamepata umeme fasi gani?"

Yvette anaacha waya. Kanisa lao linatumia sola, na jana jua halikuonekana tangu asubuhi hadi jioni. Lakini gitaa lililia, spika zilivuma, na yeye alishika mikrofoni akaimba hadi watu wakasimama. Hakuuliza umeme ulitoka wapi. Fundi umeme mzima, na hakuuliza.

Anarudi kwenye betri. Kwenye kichwa cha chanya kuna kifuniko cha mpira chekundu ambacho muda wote alikipima kwa juu juu, akiingiza ncha ya mita pembeni. Sasa anakivua. Kati ya kibanio cha waya na nguzo ya betri kimesokomezwa kipande cha kitambaa. Ni cha zambarau chenye maua meupe. Ni sare ya kwaya, ile ile aliyoivaa jana.

Anakiinua mbele ya Bienvenu. Bienvenu anajishika kichwa.

"Yaya, dada yangu, unisamehe. Kwaya waliniomba. Kila kukiwa na mvua ninawapelekea betri. Kichwa kilikuwa kinachezacheza, nikakikaza na kitambaa." Anashusha sauti. "Patron alinikataza. Akijua, atachukua gari."

Patron ni Rwakabuba, mwenye gari, anayeishi Mbarara. Yvette ana hasira, ila hajui amkasirikie nani, aliyeikopesha betri au aliyeimba nayo. Anaikwangua nguzo kwa kisu hadi ing'ae, anachomeka kipande cha shaba mahali pa kitambaa, anakaza nati. Anapima tena. Umeme unafika kwenye betri. Taa imezima.

"Tutafika?" anauliza Cyiza.

"Ingia," anasema Yvette. "Na mimi ninaingia."

Anakaa siti ya mbele na mita mapajani, nyaya zake akiwa amezichomeka kwenye tundu la kuchajia simu. Amemwambia Bienvenu asithubutu kuzima injini, maana kwaya imeikausha betri na huenda isiwashe tena. Mji mdogo wa Rwekubo wanaupita bila kusimama. Kwenye mlima ukungu unawapokea, Bienvenu anawasha taa na waipa, na namba kwenye mita inashuka. Yvette anaiinamia mita. Namba inasita, inasimama, inabaki hapo.

"Niimbie ile ya jana," Nyiransengimana anaomba, mkono wake ukimbana bega Yvette.

"Siwezi, mama. Nikiacha kuangalia hii…"

"Imba ukiangalia."

Anaimba, macho kwenye mita, wakipita migomba na makundi ya ng'ombe wa pembe ndefu, hadi paa za Mbarara zinapoonekana. Langoni mwa hospitali wauguzi wanamshusha mgonjwa, na Yvette haruhusu injini izimwe hadi machela imepotea mlangoni. Kisha anakaa kwenye ukingo wa barabara na kulia kidogo.

Cyiza anatoka mchana, viatu mkononi, hajui kwa nini amevivua. Ni msichana. Mama yuko salama.

Yvette ana ndoto ya kufungua karakana Rwekubo, mahali magari ya Mbarara yanapopita. Lakini kwanza kuna jambo la Jumapili. Kile kipande cha zambarau amekifunga kwenye mpini wa sanduku lake la spana, na Bienvenu ameshaambiwa betri haitoki tena ndani ya gari, hata mawingu yakiwa meusi namna gani.

"Tutaimba kavu," anasema. "Leo niliimba bila mikrofoni, na mwenye alitaka kusikia alisikia."