Unyayo Ndani ya Ukuta wa Lhazom

Asubuhi ardhi ilipotikisika kijijini kwetu milimani, shangazi yangu Lhazom alikuwa ghorofa ya chini ya nyumba yake, palipo zizi, anakamua ng'ombe. Alimkumbatia mnyama shingoni, akafumba macho, akaomba mpaka kukatulia.

Alipotoka, ukuta wa magharibi ulikuwa umelala shambani juu ya shayiri. Nyumba ilikuwa imesimama. Kupitia vumbi aliona ghorofa ya juu yote: meko, birika, madhabahu. Vibakuli vya maji ya sadaka vilikuwa vimemwagika, lakini hakuna kilichoanguka. Paa la udongo, na nyasi kavu zilizorundikwa juu yake, halikusogea.

Alisimama pale mdomo wazi. Ndivyo nilivyomkuta.

Ngodup, fundi wetu mzee na shemeji yake shangazi, alifika na fimbo yake. "Umeziona nguzo zako?"

"Naziona, shemeji."

"Boriti zote zimekalia nguzo. Hazikuwahi kuulalia ukuta. Ukuta ni koti tu."

"Basi nimevuliwa koti, na baridi inakuja. Utaniazima lako?"

Siku ya tatu tulianza kuondoa kifusi. Mabonge ya udongo yalipasuka kwa matabaka, jinsi yalivyoshindiliwa miaka sitini nyuma. Bonge moja likafunguka mikononi mwa shangazi, na ndani yake mlikuwa na unyayo wa mtoto, mguu wa kushoto, bila kidole cha mwisho.

Bibi, mama yake shangazi, alikatwa kidole hicho utotoni baada ya kuganda kwa baridi ya theluji. Alifariki mimi nikiwa mdogo.

Shangazi aliketi chini. Alipitisha kidole ndani ya alama ile polepole, kutoka kisiginoni hadi vidoleni, kama anayeogopa kuamsha mtu. Hata Ngodup alivua kofia.

"Tuliweke madhabahuni?" nikauliza.

Shangazi alitikisa kichwa. "Mama hakukanyaga udongo huu ukae madhabahuni, mwanangu. Aliukanyaga uzuie upepo."

Akaliponda bonge lile mwenyewe, akalichanganya na udongo mbichi. Wanawake kumi na sita tulipanda juu ya mbao za kalibu, zinazoushika udongo usimwagike, na michi yetu, tukaimba, tukashindilia, ukuta ukiinamia ndani kadiri ulivyopanda. Kwenye tabaka la kwanza shangazi alikuwa amevua viatu, akalikanyaga peku kutoka pembe hadi pembe. Hakuna aliyemwambia ashuke achukue mchi.

Theluji ilipoanza, tulikuwa jikoni kwake tukinywa chai ya siagi na chumvi. Upepo ulivuma nje, moto wa meko haukutikisika. Ngodup aliupapasa ukuta, bado ukiwa na unyevunyevu, akaacha kiganja chake hapo.