Kilio cha Furu

Mwezi wa pili mwaka 1989 tulimzika mama kule kijijini Butiama, na mwezi uliofuata nikapoteza heshima yangu yote mbele ya foleni ya posta, Musoma mjini. Mpaka leo nikipita pale natembea upande wa pili wa barabara.

Mdogo wangu Nyangeta alikuwa amesomea samaki mpaka digrii ya pili, akawa anatafuta nafasi ya udaktari kwenye vyuo vya Ayalandi (udaktari wa vitabu, siyo wa sindano, mimi wa darasa la saba nilichelewa kuelewa). Aliandika barua nyingi, na miaka ile hata kalamu ilikuwa ya kusaka, na karibu wote walimjibu njoo, ila ada na chakula ujitegemee. Profesa mmoja tu ndiye alikuwa na nafasi ya utafiti yenye kulipiwa kila kitu. Akaandika siku atakayopiga simu posta ya Musoma amhoji, akimkosa anamchukua mwingine.

Basi siku ilipofika tukakaa kwenye benchi la posta, vichwa tumenyoa kwa msiba. Mama mmoja muuza dagaa, wa mtaa wa Nyasho, akaniuliza tunasubiri nini. Kwetu safari haitangazwi kabla hujaondoka, midomo ya watu inaharibu, na mimi kudanganya siwezi, kwa hiyo nikatoa nusu ya ukweli: tunasubiri simu ya Ulaya. Akatazama vichwa vyetu, akarudi kwenye foleni. (Simu ya mbali ilikuwaga ya kifo tu.) Nikamwona ananong'ona na wenzake, nikasema moyoni, waache.

Simu ikaja. Nyangeta akaingia kibandani, laini mbovu, ikabidi apaze sauti kwa Kiingereza. Profesa alikuwa anauliza habari za furu, wale samaki wadogo wa ziwani wanaomalizwa na sangara. Mwalimu mstaafu mmoja kwenye foleni akawatafsiria wenzake polepole: "Anasema wamekufa karibu wote. Wamebaki wachache."

Muuza dagaa akaangusha kapu, akashika kichwa, akapiga yowe, na foleni nzima ikamfuata. Mimi nilijua kabisa ni furu. Nilifungua mdomo niwaambie, likatoka neno moja, "Mama," lile lililokataa kunitoka siku ya kuzika, nikakaa sakafuni, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia mpaka kamasi zikafika kifuani.

Nyangeta akachungulia, uso umemshuka. Nikajua nafasi nimeizika mimi. Akarudi kwenye simu, akasema kidogo, akasubiri na simu sikioni, kisha akaendelea kujibu mpaka mwisho.

"Ameuliza kelele za nini," akaniambia alipotoka. "Nimemwambia tumefiwa na mama, kaka analia. Akasema tusubiri kwanza mpaka utulie. Nimepata, kaka. Naanza mwezi wa tisa."

"Na waliokufa ni nani, mwanangu?" akauliza muuza dagaa.

"Furu, mama."

Akajipangusa uso kwa kanga. "Yaani dagaa wangu wamekanyagwa kwa msiba wa furu."

Tangu hapo, nikiulizwa nasubiri nini, nasema yote, na nisiyoulizwa naongeza.

Siku ile nilisimama nikajipangusa kamasi. Kifua kilikuwa chepesi kama nimetua gunia la pamba. Nikainama nikaanza kuokota dagaa, Nyangeta naye akapiga magoti na gauni lake zuri, na wale waliolia na sisi wakatusaidia, mpaka karani akatuomba tupishe afagie.