Mke wa Nahodha Alivyofufuka

Nisiwafiche, nimeaibika. Tangu mama watoto afariki, nyumba yangu ya Nguvumali imepoa. Bhai Akbar, mkodishaji wa sidii, akanipa boksi la tamthilia ya watu wanaoishi kwenye nyota, niitazame nimwambie kama inafaa wateja. Sidii sita, zimepangwa safu. Mimi kusoma kwangu ni msahafu tu, chuoni kwa maalimu, basi nikaanzia upande wa kulia kwenda kushoto. Sidii ya kwanza, mke wa nahodha akafa. Nikalia. Ya mwisho, yuko hai, anampikia mumewe.

Nikaenda dukani kuisifu mbele ya wateja. "Chukueni hii. Mke anakufa, halafu anarudi."

"Mzee wangu," Bhai akasema taratibu, "mwanzo uko kushoto. Yule harudi."