Chokaa ya Walthamstow

Mama alipoiona nyumba yetu ya Walthamstow, London, kwa mara ya kwanza, aliwahurumia walioijenga. Alidhani pesa ziliwaishia. Kwetu Unguja, nyumba ikibaki matofali matupu maana yake mwenyewe kakwama, na hapa mtaa mzima ulikuwa wa matofali mekundu yasiyopigwa lipu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta mpaka sokoni.

Jirani yetu, bibi wa Kiingereza mpole sana, alituambia nyumba zile zimekaa vile zaidi ya miaka mia. Nikamfasiria Mama.

"Miaka mia," akasema Mama, "na fundi hajarudi?"

Mimi nilikuwa nishaanza kuzipenda. Juu ya kila dirisha matofali yamesimamishwa yakafanya upinde, na ukutani yamelazwa moja kwa ubavu, moja kwa kichwa, hivyo hivyo hadi chini ya paa. Nilimwonyesha Mama. Akakubali kuwa kazi ni nzuri, ndiyo maana inasikitisha kuiacha nusu.

Mambo yangeishia hapo, lakini dada yangu akapata mchumba. Kijana hakuwa na tatizo. Tatizo mama yake, Mpemba mmoja aliyevuma London nzima kwa kukagua nyumba za watu. Alikuwa anakuja Jumapili kututazama, na dada alishashindwa kula kwa wasiwasi, maana alimpenda yule kijana kwelikweli. Mama akasema yeye hapokei wakwe kwenye pagale.

Jumamosi tukakoroga chokaa. Nilipinga, nikakemewa, nikapewa brashi. Kufika alasiri nyumba yetu ilikuwa nyeupe pee katikati ya mtaa mwekundu, kama jino moja lililopigwa mswaki peke yake. Dada alitoka nje, akaitazama, akakaa kizingitini akalia. Mama alidhani ni furaha.

Jumapili ikanyesha. Haikuwa mvua ya maana, ni yale manyunyu ya London yasiyojua kuacha, lakini chokaa ilikuwa haijashika na ikaanza kuteremka taratibu. Mgeni akafika na buibui lake jeusi, akajibanza ukutani asilowe huku Mama akipigana na kitasa. Alipoingia ndani, mgongo wake ulikuwa mweupe tangu mabegani hadi visiginoni.

Dada alimimina chai, nusu ikaenda kwenye kisahani. Mgeni akajipangusa bega, akakitazama kiganja, akakinusa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Chokaa hii hamkutia chumvi," akasema.

Mama akakiri kwa sauti ndogo kwamba hatukutia.

"Mie yangu niliitia, na ikatoka vilevile." Akamgeukia dada, akakipokea kikombe pamoja na kisahani chake kilichojaa. "Harusi tuiweke wakati wa jua, mwanangu. Tuzipake nyumba zote mbili, zipate kukauka."